Wingi wa Megawati Si Uthabiti wa Gridi

Mnamo tarehe 7 Juni 2016, yapata saa tano na nusu asubuhi, tumbili mmoja alipanda juu ya paa la kituo cha kufua umeme cha Gitaru, katika bonde la Mto Tana nchini Kenya, akateleza na kuangukia transfoma. Transfoma hiyo ilijizima. Mitambo mingine ya kituo ikaelemewa na mzigo, na kwa muda mfupi gridi ikapoteza zaidi ya megawati 180. Muda si muda nchi nzima ikawa gizani, na yalipita zaidi ya masaa matatu kabla umeme haujarejea. Tumbili mwenyewe alinusurika, akakabidhiwa kwa Shirika la Wanyamapori la Kenya.

Habari hiyo ilienea ulimwenguni kama kichekesho. Lakini chini ya kichekesho hicho lilikuwapo swali zito. Mwaka ule Kenya ilikuwa na mitambo yenye uwezo wa zaidi ya megawati 2,300, ilhali mahitaji ya juu kabisa ya wananchi na viwanda yalikuwa takriban megawati 1,600. Uwezo wa kufua umeme ulizidi mahitaji. Iweje basi kupotea kwa megawati 180 kuzime na zile nyingine zote, ambazo mitambo yake haikuwa na kasoro yoyote?

Jibu la swali hilo limo katika tawi la uhandisi liitwalo uthabiti wa mifumo ya umeme. Tawi hili si geni. Tangu mwaka 1920 mhandisi Charles Steinmetz, Mjerumani aliyehamia Marekani, aliandika juu ya namna vituo vikubwa vya umeme vinavyoweza kuyumba na kuachana vinapounganishwa pamoja. Hata hivyo katika miaka hii, nchi nyingi zinapojenga mitambo ya jua na upepo, elimu hiyo imetoka katika vyumba vya wataalamu na kuwa jambo linalomhusu kila mwananchi.

MARADHI MAWILI YASIYOFANANA

Hapana budi kwanza kutenganisha mambo mawili ambayo aghalabu huchanganywa. Tanzania ilipata mgao mkali wa umeme mwaka 2006 na tena mwaka 2011, kwa kuwa ukame ulipunguza maji katika mabwawa. Hayo yalikuwa maradhi ya upungufu wa nishati. Maradhi ya namna hiyo huja polepole: kina cha maji hushuka wiki baada ya wiki, wakuu huonywa, ratiba za mgao hutangazwa, na kila mtaa hujua siku yake ya giza.

Maradhi ya pili ni ukosefu wa uthabiti. Haya huja kwa sekunde chache, bila ya ratiba wala onyo, na yanaweza kuipata nchi ambayo mabwawa yake yamejaa hadi yanafurika. Dawa ya maradhi ya kwanza ni kuongeza vyanzo vya umeme. Dawa ya maradhi ya pili siyo hiyo. Na yapo mazingira ambamo kuongeza vyanzo bila ya uangalifu huyazidisha.

UMEME HAUNA GHALA

Mahindi huvunwa mara moja na kuliwa mwaka mzima, kwa sababu yana ghala. Mafuta ya taa hukaa katika pipa. Umeme unaopita katika waya za gridi hauna ghala la namna hiyo. Kila taa inapowashwa Mwanza au Mombasa, nguvu inayohitajika na taa hiyo lazima ifuliwe mahali fulani katika nukta hiyo hiyo. Mizani kati ya kinachofuliwa na kinachotumiwa lazima ilingane kila sekunde, usiku na mchana.

Kipimo cha mizani hiyo ni marudio ya mkondo geu. Katika Afrika Mashariki mkondo hugeuka na kurejea mara 50 kwa kila sekunde, jambo ambalo wataalamu huliita hezi 50. Marudio hayo hutokana na mwendo wa mitambo yenyewe: jenereta zote kubwa zilizomo katika gridi ya mkondo geu huzunguka kwa kufuatana, kana kwamba zimefungwa kwenye mhimili mmoja wa chuma. Mfano wake ni wavuvi wanaovuta jarife ufukweni. Wote huvuta kamba moja kwa mwendo mmoja. Mmoja akiteleza, uzito wake huwaangukia wenziwe papo hapo, na mwendo wa wote hupungua. Wakichelewa kujikaza, wa pili huteleza, kisha wa tatu, na jarife lote hurudi baharini.

Ndivyo ilivyo katika gridi. Mahitaji yakizidi kinachofuliwa, mitambo hupunguza mwendo na marudio hushuka chini ya hezi 50. Yakishuka mno, vifaa vya kinga vya kila kituo huiondoa mitambo yake katika gridi ili isiharibike. Kila mtambo unaoondoka huongeza pengo, na pengo hilo huondoa mtambo mwingine. Hivyo mitambo mizima hujizima mmoja baada ya mwingine, na hatimaye gridi yote hulala.

GURUDUMU LA CHEREHANI

Kinachoipa gridi muda wa kujikaza ni uzito wa mitambo inayozunguka. Yeyote aliyewahi kumtazama fundi cherehani anaujua ukweli huu. Fundi akiacha kukanyaga, sindano haisimami mara moja. Gurudumu zito la cherehani huendelea kuzunguka na sindano hushona nukta kadhaa zaidi. Tabia hiyo ya kitu chenye uzito kukataa kubadili mwendo wake huitwa inesha. Jenereta ya kituo cha maji au cha mvuke ina rota yenye uzito wa tani nyingi, na nishati iliyomo katika mzunguko wake ni akiba ndogo inayotumika bila ya kusubiri amri ya mtu.

Akiba hiyo ni ndogo kiasi gani? Msomaji na achukue mfano wa gridi yenye mzigo wa megawati 1,600, ambamo magurudumu yote yanayozunguka yana nishati ya megajuli 6,400. Kiasi hicho ni sawa na kuuhudumia mzigo wote kwa sekunde nne, na ni cha kawaida kwa gridi ya mitambo ya maji na mvuke. Kwa kuwa nishati ya mwendo hufuata kipeo cha pili cha kasi, marudio yakishuka kutoka hezi 50 hadi 49 magurudumu huwa yametoa takriban asilimia 4 ya nishati yao, yaani karibu megajuli 250. Endapo mtambo wa megawati 180 utatoka ghafla, pengo hilo litakula megajuli 180 kila sekunde. Kwa hiyo hezi moja itapotea kwa muda upatao sekunde moja na nusu. Katika muda huo hakuna mwendesha mitambo anayeweza hata kuinua simu.

Kazi hiyo basi huachiwa vidhibiti mwendo. Kidhibiti cha mtambo wa maji kikihisi mwendo unapungua, hufungua milango ili maji mengi zaidi yaigonge turbini. Lakini maji nayo yana inesha yake. Katika bomba refu linaloshuka kutoka bwawani, maji hayawezi kuongeza kasi mara moja. Mlango ukifunguliwa ghafla, shinikizo penye turbini hushuka kwanza, na kwa kitambo kidogo nguvu ya mtambo hupungua badala ya kuongezeka. Kwa sababu hiyo wahandisi hukilegeza kwa makusudi kidhibiti cha mtambo wa maji ili kisifanye pupa, na msaada wake kamili hufika baada ya sekunde kadhaa. Inesha ya magurudumu ndiyo inayotakiwa kuliziba pengo la sekunde hizo.

Yote yakishindikana, kinga ya mwisho ni kukata mzigo. Vifaa maalumu vinavyopima marudio huzima baadhi ya mitaa na miji ili gridi iliyobaki iokoke. Ni sawa na nahodha anayetupa shehena baharini ili jahazi lisizame. Kinga hii hufaulu tu ikiwa marudio hayashuki kwa kasi inayozidi uwezo wa vifaa hivyo kupima na kutenda.

JUA NA UPEPO HAVINA GURUDUMU

Paneli ya jua haina kitu kinachozunguka. Umeme wake ni wa mkondo mnyoofu, nao hugeuzwa kuwa mkondo geu na chombo kiitwacho inveta. Mtambo wa kisasa wa upepo una pangaboi kubwa linalozunguka, lakini aghalabu nao huungwa na gridi kwa njia ya inveta, kiasi kwamba mwendo wa pangaboi haufungamani na marudio ya gridi. Inveta za kawaida hufuata tu marudio yanayotengenezwa na mitambo mingine. Katika mfano wa wavuvi, inveta hizo ni mtu anayeongeza nguvu kwa kutazama mwendo wa wenzake. Wenzake wakiyumba, naye hana cha kufuata.

Katika ule mfano wa megawati 1,600, endapo nusu ya mitambo inayozunguka itazimwa mchana ili kupisha umeme wa jua, akiba ya magurudumu itakuwa megajuli 3,200 tu. Pengo lile lile la megawati 180 sasa litashusha hezi moja kwa muda wa chini ya sekunde moja. Umeme ni ule ule na mzigo ni ule ule. Kilichopungua ni muda wa kujiokoa.

Hayo si nadharia tupu. Tarehe 28 Septemba 2016, miezi michache baada ya giza la Kenya, tufani kali iliangusha nguzo za umeme katika jimbo la South Australia. Msongo wa umeme ulishuka mara kadhaa kwa muda wa dakika mbili. Mashamba tisa ya upepo yalikuwa na mipangilio iliyoyaamuru yajipunguze endapo mishtuko kama hiyo ingerudiarudia, nayo yalipunguza megawati 456 kwa sekunde chache. Njia iliyoliunganisha jimbo hilo na jimbo jirani la Victoria ikaelemewa na kukatika. South Australia ikabaki peke yake, marudio yakaporomoka kwa kasi ambayo kinga ya kukata mzigo haikuweza kuiwahi, na wateja wapatao 850,000 wakawa gizani.

Uchunguzi ulibaini kwamba mwendeshaji wa gridi hakuwa na habari ya mipangilio hiyo iliyokuwa ndani ya vidhibiti vya mitambo. Upepo wenyewe haukukoma kuvuma. Kilichokosekana ni maarifa ya tabia ya mitambo wakati wa msukosuko. Jimbo hilo halikuuacha upepo. Mipangilio ilirekebishwa, betri ya megawati 100 ikajengwa Hornsdale mwaka 2017, na kufikia mwaka 2021 iliwekwa mitambo minne yenye magurudumu mazito ambayo haifui umeme. Kazi yake ni kuzunguka pamoja na gridi na kuipa inesha na msongo ulio tulivu.

Aidha, marudio siyo njia pekee ya kuanguka. Tarehe 28 Aprili 2025 Hispania na Ureno zilizimika mchana, jua likiwa linawaka. Safari hiyo msongo ulipanda kupita kiasi, vituo vikajiondoa kimoja baada ya kingine, na kila kilichojiondoa kikauzidisha msongo uliobaki. Taarifa ya serikali ya Hispania ya mwezi Juni mwaka huo ilieleza kwamba mfumo haukuwa na uwezo wa kutosha wa kuudhibiti msongo. Mwaka 2004 wataalamu wa kimataifa walikuwa wameugawa uthabiti katika mafungu matatu: la kufuatana kwa rota, la marudio na la msongo. Baadaye waliongeza mafungu mawili zaidi, mojawapo likiwa la kuyumba kunakosababishwa na inveta zenyewe.

MTAMBO MKUBWA KATIKA GRIDI NDOGO

Kwa Afrika Mashariki upo upande mwingine wa jambo hili, nao ni ukubwa wa mtambo mmoja ukilinganishwa na gridi nzima. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji lina mitambo tisa, kila mmoja wa megawati 235, na jumla yake ni megawati 2,115. Mtambo wa kwanza ulianza kuingiza umeme katika Gridi ya Taifa mwanzoni mwa mwaka 2024, na wa mwisho mwaka 2025. Mwaka huo mitambo hiyo ilipoanza, mahitaji ya juu kabisa ya gridi hayakuzidi megawati 2,000. Maana yake ni kwamba mtambo mmoja ukiwa katika uwezo wake kamili huchukua zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mzigo wa saa za jioni. Ikiwa usiku wa manane mzigo umeshuka hadi megawati 1,200, mtambo huo mmoja huwa karibu sehemu moja ya tano.

Katika gridi za nchi kubwa za viwanda, mtambo wa megawati 235 ukitoka hakuna mwananchi anayetambua. Katika gridi changa, jambo hilo linaweza kuwa mtihani wa taifa zima. Kanuni ya waendeshaji ni kwamba gridi iweze wakati wowote kustahimili kupotea kwa mtambo mmoja ulio mkubwa kuliko yote. Njia mojawapo ni kuendesha mitambo miwili kwa nusu ya uwezo badala ya mmoja kwa uwezo kamili. Hapo mmoja ukitoka hupotea takriban megawati 118 tu, na wa pili huwa na nafasi ya kupanda. Akiba ya namna hii huitwa akiba inayozunguka.

Lakini akiba hii ina bei. Turbini inayoendeshwa chini sana ya uwezo wake hutumia maji mengi zaidi kwa kila uniti ya umeme, na hutikisika zaidi. Meneja anayehukumiwa kwa idadi ya uniti zilizouzwa atashawishika kupunguza akiba hiyo, na pengine miezi mingi itapita bila ya madhara kuonekana. Thamani ya akiba huonekana siku moja tu, kwa sekunde kumi. Siku hiyo hospitali huangalia kama jenereta yake itawaka, pampu za maji za miji husimama, na tanuri za viwanda hupoa zikiwa na mali ndani.

TIBA ZILIZOPO

Tiba ya kwanza ni maji yenyewe. Mitambo ya maji ni nishati endelevu, na hapo hapo ina magurudumu mazito. Kadhalika huweza kujiwasha yenyewe baada ya giza kwa kutumia umeme kidogo sana, jambo ambalo kituo kikubwa cha mvuke hakiwezi, kwa kuwa pampu zake lazima zipate umeme kwanza. Nchini Kenya, mitambo ya mvuke wa ardhini ya Olkaria nayo huipa gridi inesha usiku na mchana. Mchana wenye jua kali, umeme wa paneli unaweza kuyaokoa maji ya bwawa kwa matumizi ya jioni. Hata hivyo mitambo ya maji isizimwe yote. Baadhi ya mitambo huweza kutengenezwa ili maji yaondolewe kwenye turbini kwa hewa iliyoshindiliwa, rota ikaendelea kuzunguka hewani pamoja na gridi, ikilinda marudio na msongo bila ya kutumia maji.

Tiba ya pili ni betri na inveta za aina mpya. Betri huweza kutoa nguvu kwa sehemu ndogo ya sekunde, kabla maji hayajaanza kuongeza kasi katika bomba. Watafiti wamebuni pia inveta ongozi, ambayo haingoji kufuata marudio ya wengine, bali hutengeneza marudio yake na kuiga tabia ya gurudumu. Inveta hizo huhitaji kupangwa kwa hesabu za gridi husika. Mipangilio inayofaa Ulaya inaweza kuleta mayumbo kwenye njia ndefu na nyembamba za Afrika Mashariki.

Tiba ya tatu ni ujirani. Kenya na Uganda zimeunganishwa kwa njia ya umeme tangu miaka ya 1950. Mwishoni mwa mwaka 2024 njia ya kilovolti 400 kati ya Isinya na Singida iliziunganisha gridi za Kenya na Tanzania. Kwa muungano wa mkondo geu, mtambo wa Rufiji ukiteleza, magurudumu ya Olkaria na ya Mto Nile huubeba uzito wake katika sekunde ile ile. Njia ya mkondo mnyoofu kutoka Ethiopia hadi Suswa, yenye urefu wa kilometa 1,045, haifanyi hivyo yenyewe. Huweza kusaidia ikiwa vidhibiti vyake vimepangwa kusaidia. Ujirani nao una masharti, maana kamba inayoleta msaada ndiyo inayoleta msukosuko. Kosa la nchi moja linaweza kuvuka mpaka kabla ya simu kupigwa, na kwa hiyo kanuni za akiba, kinga na kukata mzigo lazima ziwe za pamoja.

KAZI YA WATAFITI

Tiba zote hizi zinategemea jambo moja, nalo ni kuijua gridi kwa vipimo. Mashine za elektroniki za kuhesabu zinaweza leo kuiga gridi nzima na kuonyesha nini kitatokea mtambo fulani ukitoka saa nane za usiku au saa sita za mchana. Lakini hesabu hizo zina thamani sawa na takwimu zilizolishwa. Uzito wa kila rota, mwendo wa kila kidhibiti, na mipangilio ya kila inveta iliyoagizwa kutoka nje ni mambo ambayo lazima yapimwe na kuhifadhiwa hapa nchini. Mkataba wa kituo cha jua au cha upepo usipomlazimisha mjenzi kuyatoa, yatabaki kuwa siri ya kiwanda kilichoitengeneza mitambo hiyo, nayo yatajulikana siku ya giza, kama yalivyojulikana South Australia.

Yapo basi maswali matatu ambayo kila mpango mpya wa umeme unapaswa kujibu kabla ya jiwe la msingi kuwekwa. Mtambo huu ukitoka ghafla, marudio yatashuka hadi wapi? Ni nini kitakachoziba pengo katika sekunde kumi za mwanzo? Na gharama ya kitu hicho imewekwa katika bei ya nani? Mpango usiojibu la tatu huonekana kuwa rahisi kuliko ulivyo, na tofauti hulipwa baadaye na mwenye friji ya dawa, mwenye mashine ya kusaga, na mgonjwa aliyeko katika chumba cha upasuaji. Vyuo vya uhandisi vya Afrika Mashariki vina wanafunzi wanaoweza kuyafanyia hesabu maswali hayo. Wanachohitaji ni kukabidhiwa takwimu, na majibu yao kusomwa kabla mikataba haijatiwa saini.